Kuiarifu DVLA kuhusu ugonjwa wako: mwongozo kamili kwa madereva wa Uingereza, pamoja na jibu la swali la bunduki

"Nimeshamwambia daktari." Kila ninapokaa na mtu kumsaidia kujaza makaratasi ya leseni, maneno hayo hutoka hata chai haijamiminwa. Shida nyingi zinaanzia hapo. Daktari anatibu. Leseni inatolewa Swansea na DVLA, ofisi ya serikali ya leseni za udereva na magari, na sheria imemtwika dereva mwenyewe mzigo wa kuiarifu ofisi hiyo. Ukikaa kimya ukidhani hospitali imekusemea, faini yaweza kufika pauni 1,000, na ukisababisha ajali unaweza kushtakiwa.

Kuna wanaokosea kinyume chake. Mtu anameza metformin tu ya kisukari, au ana presha ya kawaida, anaingiwa na hofu na kuegesha gari miezi mitatu huku raundi zake za ukea (kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani) zikigawiwa wengine. Na kuna waliotishwa na video za WhatsApp kutoka Marekani, zinazosema ukitaja sonona jina lako linaingia kwenye orodha ya polisi ya bunduki. Hao nitawajibu mwishoni.

Mwongozo huu ni wa England, Wales na Scotland. Northern Ireland ina ofisi yake, DVA. Usitume fomu ya huko Swansea.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kadi ya leseni. Namba ya dereva iko mstari wa 5, ina herufi na tarakimu 16.
- Jina na anwani ya kliniki ya daktari wako wa familia, na ya daktari bingwa wa hospitali kama unaye, pamoja na tarehe ya mwisho ulipoonana naye.
- Maboksi ya dawa zako zote. Usinakili majina kutoka kichwani. Yasome kwenye boksi pamoja na miligramu zake.
- Tarehe tatu: siku ugonjwa ulipogundulika, siku matibabu ya sasa yalipoanza, na siku ya tukio la mwisho (kuzirai, degedege, sukari kushuka).
- Kama unadunga insulini: mashine ya kupimia ikiwa na kumbukumbu zake.
- Simu au kompyuta yenye intaneti. Usipokuwa nayo, maktaba ya mtaa ina kompyuta na printa.

Kuiarifu DVLA ni bure. Ukijikuta kwenye tovuti inayokudai pauni 30 za "huduma", umeingia kwa madalali. Toka. Anwani halali ni ya gov.uk, tovuti ya serikali.

Kwanza, tunyooshe majina

Hili halimo kwenye mwongozo wowote wa serikali, lakini ndiko mafaili ya watu wetu yanakopotelea. Herufi tano za kwanza za namba ya dereva ni herufi tano za mwanzo za jina la ukoo. Kwa hiyo mzee mwenye pasipoti ya Salum Hamisi Mwinyi namba yake itaanza na MWINY. Sasa, siku aliyojiandikisha kwa daktari, mpokezi alimuuliza jina la mwisho, naye akajibu jina la baba yake kama tulivyozoea: Hamisi. DVLA ilipoiandikia kliniki kuuliza habari za Bwana Mwinyi, kliniki ikajibu haina mgonjwa wa jina hilo. Miezi miwili ilipotea, na mzee wa watu akidhani Waingereza wanamfanyia fitina.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ni hivyo hivyo. Wengi waliopitia kambi za wakimbizi wameandikiwa tarehe 1 Januari, kisha wakasahihisha mahali pamoja na kusahau pengine.

Piga simu kliniki, waombe wakusomee jina na tarehe walizonazo, kisha wazilinganishe na leseni. Ukisikia vyote viwili vimelingana herufi kwa herufi, endelea.

Hatua ya 1: Amua kama unatakiwa kuacha usukani leo hii

Kuna hali ambazo hazisubiri fomu wala barua. Acha kuendesha mara moja kama:

- umepata degedege au umezirai na hakuna ajuaye sababu;
- umepata kiharusi, hata kile kidogo kinachopita ndani ya saa chache;
- sukari imeshuka zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12, ukiwa macho, hadi ukahitaji mtu mwingine akuokoe;
- unasinzia ukiwa unaendesha;
- unasikia sauti au unaona vitu ambavyo wengine hawavioni;
- kizunguzungu kinakujia ghafla kwa nguvu, ukashindwa kufanya lolote;
- daktari amekuambia usiendeshe. Hapo hakuna mjadala.

Macho unaweza kuyapima mwenyewe. Simama mita 20 kutoka kwenye gari lililoegeshwa, kama urefu wa magari matano yaliyopangana, usome namba yake. Vaa miwani kama huivaa unapoendesha. Ukiikosea mchana kweupe, ufunguo ubaki mezani hadi uonane na mtaalamu wa macho.

Watu huniuliza, "Nitakula nini nisipoendesha?" Swali la haki kabisa. Kampuni nyingi za ukea zina raundi za kutembea kwa miguu, na meneja akiambiwa mapema huweza kukupangia. Akiambiwa baada ya ajali hana la kupanga.

Hatua ya 2: Angalia kama ugonjwa wako ni wa kuripotiwa

Kwenye gov.uk kuna orodha ya magonjwa kwa mpangilio wa alfabeti. Andika la kwako kwa Kiingereza kama lilivyo kwenye barua ya hospitali. Kabla ya kusoma jibu, jiulize leseni yako ni ya kundi gani. Kundi la 1 ni magari madogo na pikipiki. Kundi la 2 ni malori na mabasi, na masharti yake ni makali zaidi. Watu wawili wenye ugonjwa mmoja wanaweza kupewa majibu tofauti, ndiyo maana ushauri wa rafiki yako wa lori usikuogopeshe wewe wa gari dogo, wala wa kwako usimpumbaze yeye.

*Kisukari.* Kama unajitibu kwa chakula au kwa metformin peke yake, na una gari dogo, kwa kawaida huna haja ya kuarifu. Ukianza insulini itakayozidi miezi mitatu, lazima uarifu. Vidonge vinavyoweza kushusha sukari, mfano gliclazide, viko katikati: dereva wa gari dogo ambaye hajapata mishtuko mikubwa ya sukari kwa kawaida haarifu, wa lori au basi anaarifu. Mama mjamzito aliyewekwa kwenye insulini kwa muda haarifu, mradi isiendelee zaidi ya miezi mitatu baada ya kujifungua.

Mwenye insulini anatakiwa kupima sukari si zaidi ya saa mbili kabla ya safari ya kwanza, kisha kila baada ya saa mbili akiwa njiani. Iwe 5 mmol/L au zaidi kabla ya kuwasha gari. Ikiwa kati ya 4 na 5, kula kitu kwanza. Ikiwa chini ya 4, huendeshi. Ikishuka ukiwa barabarani: egesha, zima injini, toa ufunguo, hama kiti cha dereva, kunywa kitu cha sukari. Ikirudi sawa, subiri dakika 45 ndipo uondoke. Ndiyo, dakika 45. Ubongo huchelewa kurudi hata namba kwenye mashine ikiwa nzuri. Wale wa ukea wenye wateja sita kwa asubuhi hununa wakisikia hilo, na nawaelewa, lakini polisi wakichukua ile mashine baada ya ajali wanasoma saa na dakika.

*Kifafa na kuanguka.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tatizo limo ndani ya lugha yetu. Nyumbani kifafa hatukitaji kwa jina. Tunasema "alianguka", "ana ule ugonjwa". Basi mgonjwa anaingia kwa daktari, anasema "nilianguka jikoni", mkalimani anatafsiri neno kwa neno, na daktari anaandika kwamba mtu aliteleza. Faili linakwenda kwenye kliniki ya mifupa! Sema kilichotokea mwilini: ulipoteza fahamu au la, kwa muda gani, ulitetemeka, uling'ata ulimi, ulijikojolea, nani alikuona. Aliyekuona akiweza kuja nawe, aje.

Tahadhari hiyo hiyo kwa "kizunguzungu". Kwetu neno hilo linabeba kuona dunia inazunguka, kuishiwa nguvu na kukaribia kuzirai. Kwa DVLA kila moja ina ukurasa wake.

Kifafa lazima kiripotiwe, hata kama shambulio lilikuwa moja na hujalipata tena. Kwa gari dogo, kwa kawaida unatakiwa kukaa miezi 12 bila shambulio. Kama ni shambulio moja la kwanza lisilo na sababu na vipimo viko sawa, kwa kawaida ni miezi 6. Kwa lori na basi ni miaka 10 bila shambulio na bila dawa. Usiache dawa ili kuifukuzia leseni ya lori bila daktari kujua. Nimeona mtu anajaribu.

*Kiharusi.* Gari dogo: acha mwezi mmoja. Ukipona kabisa, mara nyingi huhitaji kuarifu. Mkono, mguu, macho au kumbukumbu vikibaki na kasoro baada ya mwezi huo, arifu. Lori na basi: arifu mara moja na ukae mwaka mmoja.

*Kukatika pumzi usingizini.* Mkeo analalamika unakoroma kisha unanyamaza kama umekufa, na mchana unasinzia kwenye taa nyekundu? Hali ikithibitishwa kuwa ya kati au kali, na usingizi wa mchana upo, lazima uarifu. Wengi hurudishiwa usukani baada ya kuzoea ile mashine ya kupuliza hewa usiku.

*Sonona na wasiwasi.* Kuwa na sonona, au kumeza dawa zake, peke yake hakukulazimishi kuarifu. Unalazimika pale inapoharibu sana kumbukumbu au umakini, inapoleta fadhaa kali au tabia iliyobadilika, au mawazo ya kujiua. Ugonjwa wa akili unaomtenganisha mtu na uhalisia ni lazima uripotiwe, na kwa kawaida unahitaji angalau miezi mitatu ya utulivu kabla ya kurudi barabarani.

*Macho.* Glakoma (presha ya macho) ya macho yote mawili, arifu. Aliyepoteza jicho moja huku la pili likitimiza kiwango haarifu, ikiwa ni wa gari dogo.

Ukifika hapa uwe na moja ya majibu mawili yaliyoandikwa: naarifu, au siarifu. Kama ni la pili, piga picha ya ukurasa huo wa gov.uk ukiwa na tarehe, uhifadhi.

Hatua ya 3: Muulize daktari swali lililonyooka

Usiulize, "Naweza kuendesha, daktari?" Atakujibu kwa ujumla, nawe utasikia ulichotaka kusikia. Uliza maswali mawili: ninatakiwa kuacha kuendesha, na kwa muda gani? Je, ni lazima niiarifu DVLA? Mwombe aandike majibu kwenye faili lako.

Una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili kupitia NHS. Omba siku unapoweka miadi, maana ukisubiri uketi mbele ya daktari umechelewa. Usimtumie mtoto wako wa miaka 12. Kuna mambo hutayasema mbele yake, na yale ndiyo daktari anayahitaji.

Watu humwogopa daktari kama askari kanzu. Ukweli ni huu: miongozo ya taaluma yao inawataka wakuambie wewe kwanza utoe taarifa. Ukiendelea kuendesha kinyume cha ushauri, na wakaona unahatarisha watu, wanaweza kuiarifu DVLA bila ridhaa yako. Ikifika huko umepoteza nafasi inayofuata hapa chini, nayo ina thamani kubwa.

Hatua ya 4: Jua kama ni kuarifu tu au ni kurudisha leseni mwenyewe

Hatua hii karibu kila mtu anairuka, na ndiyo inayotofautisha anayerudi barabarani haraka na anayesota.

Kama daktari amekuambia uache kwa miezi mitatu au zaidi, unatakiwa kuirudisha leseni mwenyewe bila kusubiri kufutiwa, ukijaza tamko la kurudisha. Masikioni inasikika kama kushindwa. "Niwape leseni yangu wenyewe? Nimekuwa chizi?" aliniuliza kaka mmoja dereva wa teksi. Lakini tazama hesabu yake.

Leseni uliyoirudisha mwenyewe haikufutwa. Unaruhusiwa kuiomba tena wiki 8 kabla ya muda aliokupa daktari kuisha. Na kuna kifungu cha 88 cha Sheria ya Usalama Barabarani ya 1988, kinachomruhusu mtu kuendesha wakati ombi lake bado linashughulikiwa, mradi daktari amesema yuko sawa, leseni yake ya mwisho haikufutwa wala kunyimwa kwa sababu za kiafya, hajafungiwa na mahakama, na ombi halijapita miezi 12.

Yule ambaye DVLA ilimfutia leseni hana kifungu cha 88. Anasubiri hadi kadi mpya ifike kwa posta. Tofauti yaweza kuwa miezi kadhaa ya mshahara. Yule kaka alipoelewa hilo, alinyamaza, akaomba bahasha.

Onyo: kifungu cha 88 si cha kujipa mwenyewe. Pata neno la daktari kwa maandishi na uiulize bima yako kabla ya kugusa ufunguo.

Hatua ya 5: Jaza taarifa

Magonjwa mengi yanaripotiwa moja kwa moja kwenye gov.uk. Mengine yana fomu za karatasi, kila ugonjwa na yake: DIAB1 ya kisukari, FEP1 ya kifafa, M1 ya afya ya akili. Madereva wa malori na mabasi wana fomu zao, usichukue ya gari dogo. Anwani ya kutuma imeandikwa kwenye fomu yenyewe.

1. Andika jina kama lilivyo kwenye leseni. Usiongeze la babu, usipunguze.
2. Jibu kila swali. Sehemu isiyokuhusu, andika kwamba haikuhusu. Nafasi tupu hurudisha fomu.
3. Tarehe usiyoikumbuka, angalia kwenye barua ya hospitali au app ya NHS. Usikisie, maana daktari ataulizwa hiyo hiyo na majibu yatagongana.
4. Tia sahihi ya kuruhusu DVLA iwasiliane na madaktari wako. Fomu isiyo na sahihi hiyo haiendi popote.
5. Piga picha ya kila ukurasa kabla ya kutuma. Ukituma kwa posta, lipia ile yenye uthibitisho na utunze risiti.

Na usidanganye. Tarehe 22 Desemba 2014 dereva wa lori la taka alizirai kwenye usukani katikati ya jiji la Glasgow na watu sita wakafa. Uchunguzi wa mahakama mwaka uliofuata ulibaini kwamba alikuwa amewahi kuzirai kwenye basi alilokuwa akiliendesha mwaka 2010, na akaficha ukweli huo.

Wanaoomba leseni ya muda ya mwanafunzi (provisional) kwa mara ya kwanza, wale waliokuja na leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda na miezi 12 inawaishia, nao hukutana na maswali haya haya ya afya ndani ya fomu ya maombi. Jibu huko huko. Wanaoomba lori au basi wanahitaji pia fomu ya D4, inayojazwa na daktari kwa gharama yako.

Ukituma mtandaoni, utaona ukurasa wa kuthibitisha. Uhifadhi. Ukituma kwa posta, risiti na picha ndiyo kinga yako.

Hatua ya 6: Bima, kisha mwajiri

Ipigie kampuni ya bima siku hiyo hiyo na uandike jina la aliyepokea na saa. Ugonjwa uliofichwa unaweza kuifanya bima ikatae kulipa, na hapo deni la gari la watu linakuwa lako. Mwajiri mwandikie ujumbe mfupi: umeiarifu DVLA, na daktari amesema unaweza au huwezi kuendesha kwa sasa. Jina la ugonjwa si lazima liwe kwenye kundi la WhatsApp la kazini.

Hatua ya 7: Kusubiri bila kulala

DVLA kwa kawaida hutoa uamuzi ndani ya wiki 6. Ikihitaji habari zaidi inaweza kuchukua muda mrefu zaidi, na yenyewe hukuandikia kukujulisha. Inaweza kumwandikia daktari wako, kukupeleka kupimwa, au kukutaka ufanyiwe tathmini ya uendeshaji. Kama daktari hajakukataza na hali yako haimo kwenye hatua ya 1, kwa kawaida unaendelea kuendesha wakati huo.

Kukwama hutokea kliniki kuliko Swansea. Baada ya wiki tatu, pigia mpokezi: "Mmepokea dodoso la DVLA? Limejazwa na kutumwa tarehe ngapi?" Pigia tena wiki inayofuata. Kwa upole, lakini pigia. Ukihama nyumba, badilisha anwani kwenye leseni mara moja, maana barua ya DVLA yenye tarehe ya mwisho haikufuati kwa ndugu unakolala sebuleni.

Hatua ya 8: Kulisoma jibu

Jibu huwa moja kati ya haya. Unabaki na leseni yako. Au unapewa leseni fupi ya mwaka 1, 2, 3 au 5, itakayoangaliwa upya, na hiyo kwa mwenye insulini ni ya kawaida kabisa, usilie. Au unatakiwa kufunga vifaa maalumu kwenye gari. Au unaambiwa uache.

Ukiambiwa uache, barua itakupa sababu na mara nyingi itasema baada ya muda gani unaweza kuomba tena. Kama una ushahidi mpya wa daktari, uwatumie kwanza. Unaweza pia kukata rufaa mahakamani: England na Wales ni kwa mahakama ya mahakimu ndani ya miezi 6, Scotland ni kwa mahakama ya sheriff ndani ya siku 21. Watu wa Glasgow na Aberdeen, zisomeni vizuri hizo siku 21. Rufaa ina gharama, na mara nyingi barua moja nzuri ya bingwa hufanya kazi kubwa kuliko wakili.

Na hili la bunduki?

Uingereza, milango ni mitatu na kila mmoja una bawabu wake. Daktari ana faili lako. DVLA ina leseni ya gari. Polisi wa eneo ndio wanaotoa vyeti vya bunduki na shotgan. Ukiiarifu DVLA kwamba una kifafa au sonona, unazungumza habari za usukani tu.

Kama kweli unataka cheti cha bunduki, na wapo wachache wetu wanaofanya kazi mashambani au wanaolenga sahani za udongo wikendi, huo ni mchakato mwingine kabisa. Tangu Novemba 2021 polisi hawatoi cheti bila taarifa ya kitabibu kutoka kwa daktari. Wanauliza kuhusu sonona na wasiwasi, magonjwa mazito ya akili, ulevi na dawa za kulevya, usahaulifu wa uzee, na magonjwa ya neva kama kifafa na Parkinson. Kuwa na mojawapo hakukunyimi cheti moja kwa moja, kila mtu anatazamwa peke yake. Daktari huweka alama kwenye faili lako kwamba una bunduki, ili hali ikibadilika ndani ya miaka 5 ya cheti aweze kuwajulisha polisi. Kwa hiyo mwenye cheti akiugua anaarifu sehemu mbili: DVLA na kitengo cha leseni za bunduki. Moja haimwambii mwenzake kwa niaba yako.

Zile video za Marekani zinazungumzia nchi nyingine. Kule leseni ya gari ni ya jimbo, na baadhi ya majimbo, California na Pennsylvania yakiwemo, yanawalazimisha madaktari wenyewe kuripoti watu wanaopoteza fahamu. Bunduki ni mfumo mwingine: mnunuzi dukani anajaza Fomu 4473, na muuzaji anaulizia kwenye mfumo wa ukaguzi unaoendeshwa na FBI tangu 1998, uitwao NICS. Swali la afya ya akili kwenye fomu ile halihusu ugonjwa. Linauliza kama mahakama au chombo cha kisheria kimewahi kuamua kwamba akili yako haiwezi kusimamia mambo yako au kwamba ni hatari, au kama umewahi kulazwa kwa nguvu ya sheria katika taasisi ya akili. Kumeza dawa za sonona, au kwenda hospitali kwa hiari yako, si jibu la "ndiyo" kwa sheria ya serikali kuu, ingawa baadhi ya majimbo yameongeza masharti yao.

Kujibu uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai la serikali kuu, na kwa mhamiaji laweza kuharibu makaratasi mengine yote. Kama ndugu yako wa Kentucky au Texas aliwahi kulazwa na kuna karatasi ya hakimu kwenye bahasha ya hospitali, aipeleke kwa wakili isomwe kabla hajaigusa kalamu ya dukani.